Siku Albani Aliposhindwa Kutaja Jina Lake

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikianza kuikumbuka natamani niishie katikati, nisifike mwisho wake. Ilikuwa asubuhi ya baridi kule kwetu Maguu, ukungu umelala juu ya mibuni, na mimi nimevaa kitenge kipya nilichoshonewa kwa ajili ya kuposwa. Lakini nisikuvute huko haraka. Ili unielewe lazima kwanza tuteremke ziwani, maana huku ndiko nilikompata yule mtu, na huku ndiko ninakoishi mpaka leo, hapa Mbamba Bay, mjane mwenye magoti mabovu na kumbukumbu isiyotaka kuzeeka.

Zamani sisi wa milimani tulikuwa tunateremka na maharage na mahindi, tunabadilishana na watu wa ziwani kwa usipa mkavu, wale dagaa wadogo wa ziwa hili. Siku hizi magari yanapanda na kushuka kila siku. Wakati ule tulitegemea miguu. Nilikuwa nafuatana na shangazi yangu Serafina, dada yake baba, mwanamke wa shingo ngumu kwa mizigo na mdomo mwepesi kwa utani. Safari moja tulifika Mbaha tukakuta watu wamejaa uwanjani, mganda unachezwa.

Mganda ni ngoma ya wanaume. Wanajipanga mistari kama askari, kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, ngoma kubwa inadunda nyuma, na kila mmoja mkononi ana lipenga. Na lipenga, kama hujawahi kulishika, si tarumbeta ya shaba. Ni kibuyu kirefu kilichokatwa ncha, kina tundu ubavuni, na juu ya tundu hilo hubandikwa utando mweupe, ule ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Hulipulizi. Unaimba ndani yake, utando unatetemeka, na sauti yako inatoka nene, ina mvumo, imekuwa sauti ya mtu mwingine.

Nilikuwa nimeyaona malipenga mengi. Ya siku ile yalinifanya niuteremshe mzigo kichwani bila kujua ninauteremsha. Moja mdomo wake ulikuwa umepanuliwa kama wa kambale, na pembeni limechomekwa sharubu mbili za majani makavu zilizokuwa zikitetemeka kila mwenye nalo alipoimba. Lingine lilikuwa vibuyu viwili vilivyounganishwa mdomo mmoja, kimoja utando mzito, kimoja mwepesi, hivyo mtu mmoja akiimba zinatoka sauti mbili kama mume na mke wanaogombana. Lingine lilikuwa limejipinda kama kamba iliyofungwa fundo. Mpaka leo watu wakisikia hilo hudhani natia chumvi, lakini nililishika kwa mikono yangu. Kibuyu kilifungwa kamba na kutundikwa jiwe kikiwa bado kichanga kwenye mmea wake, kikakua kikifuata kamba. Na lilikuwepo moja lenye mpira mrefu wa maji mkiani. Mwimbaji alisimama mbele yetu, sauti ikatokea nyuma ya akina mama waliokuwa wamekaa chini, wakaruka wakipiga kelele, uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Nani ametengeneza vituko hivi?" shangazi alimuuliza mpiga ngoma wakati wa mapumziko.

Mpiga ngoma akaelekeza kidevu kwa kijana mmoja mwembamba aliyekuwa amechuchumaa kando, akilainisha nta ya nyuki kwa vidole. "Huyo pale, Albani. Lakini ukimuuliza kitu uwe na subira."

Shangazi hakuwa mtu wa kusubiri. Alikwenda moja kwa moja, na mimi nyuma yake. "Kijana, hujambo? Hivi vibuyu umefundishwa na nani?"

Albani akanyanyuka kwa heshima. Akafungua mdomo. Nikaona taya lake linatetemeka, mishipa ya shingo imesimama, macho yamefumbwa, na neno halitoki. "Shi... shi... shi..." Alikuwa anataka kuamkia tu. Kigugumizi nilikuwa nimekiona kwa watu wengine, lakini cha namna ile sijawahi kukiona tena. Nilitazama chini kwa huruma.

Ndipo akavuta uzi uliokuwa shingoni mwake. Kwenye uzi palikuwa na kibuyu kidogo, kama vile wazee wanavyotilia ugoro, nacho kina tundu na utando wake. Wenzake walikiita kisemeo. Akakiweka mdomoni, akasema ndani yake, nusu kuongea nusu kuimba: "Shikamoo mama. Nimefundishwa na uvivu. Wenzangu walikuwa wanakwenda kuvua, mimi nalala shambani natazama vibuyu vinavyokua."

Maneno yote yalisikika, mwanangu. Yalivuma kama nyuki yuko ndani yake, lakini hakuna lililokwama. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilisimama tu, mdomo wazi, kama mtu aliyeona mlango unafunguka ukutani.

Toka hapo sikukosa safari ya ziwani hata moja. Shangazi alijua, akawa ananitania njiani hadi masikio yanawaka. Mimi Mmatengo, yeye Mnyasa, tulikuwa tunaongea Kiswahili, naye Kiswahili chake kilipitia kwenye kibuyu. Alinisimulia habari za bibi yake asiyeona vizuri, aliyemkuta kiboko kwenye shamba lake la maboga akadhani ni ng'ombe wa jirani, akamchapa kwa ufagio huku akimtukana mwenye ng'ombe, na kiboko akaondoka zake akarudi majini. Alipofika mahali pa kiboko kugeuka kumtazama bibi, alikibonyeza kisemeo kwa kidole kwenye utando, kikatoa mguno wa kiboko kabisa. Nilikuwa nacheka njia nzima ya kupanda mlima. Sijawahi kukutana na mtu mwenye maneno matamu kama yule. Nakuambia hivi ili ujue kwamba nilijua thamani ya nilichokuwa nacho. Sikuwa mtoto.

Basi alipotaka kuja kuposa nyumbani, shida ilianzia kwangu. Habari zilikuwa zimeshatangulia kupanda mlima. Kisimani wasichana wenzangu walikuwa wananiuliza, "Osmunda, ni kweli mchumba wako anaongea na kibuyu? Ni mganga?" Mmoja aliziba pua kwa vidole akasema kwa sauti ya kuvuma, "Naomba maji, mke wangu," wote wakacheka. Nilicheka nao. Lakini nilirudi nyumbani na ile sauti ya mzaha kichwani, na sikuweza kuitoa.

Baba yangu, Mzee Kasian, alikuwa mtu mkimya, mzee wa kanisa, anayepima neno kabla ya kulitoa. Kaka yake, baba mkubwa Ditram, alikuwa kinyume chake, sauti kubwa, anapenda utaratibu ufuatwe, na hacheki na mtu bali anamcheka mtu. Nilimwazia Albani amesimama mbele yao na kibuyu mdomoni, nikaona haya kabla haya yenyewe haijaja.

Nilimpokea kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kuingia kijijini. Alikuja na mjomba wake, Mzee Yohana, ambaye ndiye alikuwa mshenga. Mzee alitangulia kidogo ili atupe nafasi. Nikamwambia Albani, "Nakuomba kitu kimoja. Leo usiongee kwa kisemeo."

Akakiweka mdomoni. "Kwa nini?"

"Watacheka."

"Wataanza kwa kucheka," akasema, na kwenye ile sauti ya kuvuma nilisikia tabasamu. "Halafu watanyamaza wasikilize. Ndivyo watu walivyo siku zote. Wewe mwenyewe ulishangaa kwanza."

"Kwetu si kama kwenu. Nakuomba, Albani. Kwa ajili yangu."

Alinitazama. Halafu akauvua uzi shingoni, taratibu, akakiweka kisemeo kwenye kiganja changu na kuvifunga vidole vyangu juu yake. Hakusema kitu. Na angesemaje? Alikuwa ameshanipa.

Nilikifunga kwenye pindo la kitenge changu kiunoni.

Wazee walikuwa wamekaa sebuleni kwenye mabenchi, wageni upande mmoja, wenyeji upande wa pili. Mimi na shangazi tulisimama kwenye mlango wa kupitia jikoni, mimi nimeshika trei ya vikombe vya chai. Salamu zilikwenda vizuri. Habari za makanisa mawili, wao Waanglikana na sisi Wakatoliki, baba alisema padri ataulizwa, lisiwe jambo la siku ile. Nikaanza kupumua. Ndipo baba mkubwa Ditram akakohoa, akasema, "Mshenga tumemsikia. Sasa kijana asimame, ataje jina lake na la baba yake, na aseme amekuja kutafuta nini hapa kwetu. Tunataka kusikia kwa kinywa chake."

Albani akasimama. Alikuwa amevaa koti la kuazima, mikono yake mifupi. Akafungua mdomo.

"A... A... A..."

Nakuambia, mwanangu, jina la Albani halina herufi ngumu. Lakini halikutoka. Taya lilitetemeka, shingo ikakaza, jasho likaanza kumtiririka na kule kwetu kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta. Wajomba vijana kwenye kona wakaanza kukohoa kile kikohozi cha kuficha kicheko.

"Jina tu, kijana," akasema baba mkubwa. "Hatujakuuliza katekisimu."

Hapo hawakuficha tena. Walicheka wazi.

Albani akageuza uso, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiomba. Shangazi akanikanyaga mguu. "Mpelekee," akanong'ona.

"Watacheka, shangazi."

"Wanacheka sasa hivi, husikii?"

Nilisikia. Kisemeo kilikuwa kiunoni mwangu, nakihisi kwenye ubavu. Hatua chache tu zingetosha. Lakini nilikuwa nimeshika trei, na nikajiambia kwamba nimeshika trei. Nikaangalia vikombe.

Mwishowe Mzee Yohana alisimama, akamshika mpwa wake bega, akasema, "Anaitwa Albani. Amekuja kuomba mke." Albani akakaa. Hakuinua tena macho mpaka walipoondoka.

Mchana ule baba aliniita kwenye vichanja vya kahawa nyuma ya nyumba. Alikuwa anageuza kahawa kwa viganja, polepole, kama anaitafutia kitu ndani yake. Nikadhani anataka kuniambia kwamba amekataa.

"Osmunda," akasema, "watu wa mnadani walinisimulia kwamba huyu kijana ana kibuyu anachosemea. Ni uongo?"

"Si uongo, baba."

"Mbona hakuja nacho?"

"Alikuja nacho. Mimi nilimkataza."

Mikono yake ikasimama. "Kwa nini?"

"Niliogopa mtamcheka."

"Ditram angecheka, ndiyo. Ditram anacheka hata misibani. Lakini mimi niliamka leo nina hamu ya kukisikia. Nimemwambia mama yako alfajiri, leo nitasikia kitu ambacho sijawahi kusikia." Akarudi kugeuza kahawa. "Umemnyang'anya mtu kinywa, halafu ukamwacha asimame mbele ya watu aseme."

"Baba, sikuwa na nia mbaya."

"Najua huna. Ungekuwa na nia mbaya nisingehangaika kukuambia. Nakuambia kwa sababu utakwenda kuishi naye. Nimewakubalia. Lakini kamrudishie kitu chake, na umwombe msamaha kabla hamjalala nyumba moja. Usichelewe katika hilo. Kosa la namna hiyo likikaa, linakuwa desturi ya nyumba."

Nikasema nitafanya hivyo. Nilimaanisha kabisa.

Lakini Albani alikuwa ameshateremka. Halafu yakaja maandalizi, padri, nguo, wageni. Nilipopata nafasi ya kumrudishia kisemeo tulikuwa tumeshaoana, tuko hapa Mbamba Bay, tunapanga vyombo kwenye chumba chetu cha kwanza. Nilikitoa kwenye sanduku nikamnyooshea kama unavyomrudishia jirani jembe lake. Hata neno la msamaha sikulisema. Niliona litaharibu furaha ya siku.

Alikitazama. Akasema kwa mdomo wake mtupu, kwa taabu, "Ka... kaa nacho."

Neno lile lina maana mbili, mwanangu: baki nacho kiwe chako, au ishi na ulichokitenda. Mimi nilichagua ile nyepesi. Nilidhani ananipa zawadi.

Tuliishi vizuri. Sitaki ufikiri kwamba nyumba yetu ilikuwa ya ugomvi. Alikuwa fundi wa mitumbwi na boti, hakunywa, hakuninyanyasa, akipata samaki mkubwa kichwa ananiachia mimi. Na vibuyu hakuviacha. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mmea uliojaa kamba na mawe kama mgonjwa wa hospitali, kila kibuyu kinalazimishwa umbo lake. Aliwatengenezea vijana wa mganda lipenga lenye mdomo wa faneli ya mafuta ya taa, na lingine la mabomba ya plastiki yaliyobaki kwenye ujenzi, lenye mikono ya kuvuta mbele na nyuma. Mwalimu mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba alimwomba awafundishe watoto wa shule. Alikubali. Alikuwa anakaa katikati yao, anaonyesha kwa vidole tu, hivi, hivi, hapana, hivi. Watoto walimpenda sana. Lakini mwalimu alikuja kuniuliza, "Mama, mzee amenuna? Siku nzima hajatoa neno." Nikamjibu kwamba ndivyo alivyo.

Ndivyo alivyo. Nilisema hivyo kwa majirani, nikasema hivyo kwa wanangu. Tulijaliwa wawili, Menas na Prisca. Walikua wakimjua baba yao kama mtu anayeitikia kwa kichwa, anayekohoa mlangoni ili wajue ameingia. Prisca alikuwa na moyo wa kuotea, akimtazama tu baba yake anajua anataka nini. Menas hakuwa hivyo. Menas alikuwa mtoto wa kutaka kuambiwa. Alikuja na cheti chake cha darasa la saba, baba yake akakishika, akakisoma, akampapasa kichwa. Mtoto akabaki amesimama, anasubiri. Niliona anasubiri. Nilikuwa nakoroga ugali.

Siku moja nilijikaza. Tulikuwa tunaanika usipa kwenye mchanga, watoto wako shule. Nikamwambia yote, ya trei, ya shangazi, na alivyosema baba. Nikasema nilikosa, nisamehe, na nakuomba urudie kuongea kwa kisemeo, watoto wakusikie. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akachukua muda mrefu kunijibu, neno moja moja, nami safari hii nilisubiri. "Nilisha... nilishakusamehe. Si... siku ileile. Lakini ile sauti i... imenitoka."

Alijaribu hata hivyo, kwa ajili yangu. Alitafuta utando mpya, akabandika kwa nta, akakiweka mdomoni. Wimbo ulitoka, wa mganda, mzuri tu. Alipotaka kuongea, kimya. Akatikisa kichwa, akacheka kidogo kwa aibu, akakiweka juu ya kabati. Nadhani ile haikuwa kazi ya kibuyu peke yake. Ilihitaji mtu awe na uhakika kwamba anayemsikiliza hamwonei haya. Uhakika huo mimi niliuvunja, na samahani yangu, ingawa ilikuwa ya kweli, ilikuja wakati mahali pake pameshajifunga.

Menas alipopata kazi mbali, baba yake alimsindikiza stendi. Gari lilikuwa linawaka, konda anapiga bati. Albani akamshika mwanawe mikono yote miwili. "Me... Me..." Menas akatazama gari, akatazama baba yake. "Baba, gari linaondoka, tutaongea nikirudi." Akapanda. Sijui mpaka leo Albani alitaka kumwambia nini. Nilimuuliza njiani, akapunga mkono tu.

Na simu zilipokuja zikazidi kuharibu. Mtu mwenye kigugumizi, simu ni adhabu kwake, maana yule wa upande wa pili haoni uso wako unavyojitahidi, anasikia kimya tu. Menas alikuwa anapiga, anaomba kuongea na baba. Albani anaipokea, anaiweka sikioni, anavuta pumzi, kisha ananirudishia mimi. "Mama," Menas akaniambia siku moja, "huyu mzee ana nini na mimi? Hata salamu hataki kunipa." Nikasema, "Anakusalimia sana." Ningeweza kumweleza yote siku hiyo. Lakini kumweleza kungekuwa kujitaja, na mimi nilikuwa nimezoea kuangalia vikombe.

Albani alifariki miaka michache iliyopita, kwa homa ya mapafu, kimya kama alivyoishi. Menas alikuja kuzika na sura ya mtu anayetimiza wajibu. Tulikuwa tumekaa matangani, siku ya pili, jua la asubuhi, walipofika wazee wa Mbaha, wenzake wa mganda wa enzi zile, wengine wanatembelea fimbo. Walikula, halafu mmoja akaanza. Unakumbuka Albani alivyomsemesha yule mzungu wa meli? Mwingine akadakia, na ile ya kuigiza mahubiri ya Pasaka, hadi mchungaji mwenyewe akakimbilia nje kwenda kucheka? Mwingine akasema, huyu bwana ndiye aliyenitongozea mke wangu, mimi nilikuwa sina maneno, nilimlipa kwa kuku. Walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja. Nyingi ya habari zile hata mimi nilikuwa sijawahi kuzisikia.

Menas alikuwa ameketi karibu yangu. Niliona uso wake unabadilika. Akaniinamia. "Mama, wanamsema nani hawa?"

"Baba yako."

"Baba yangu yupi? Baba alikuwa na maneno?"

Nikamwambia, "Alikuwa nayo kuliko watu wote wa ufuko huu. Kabla mimi sijamnyamazisha."

Nikamsimulia, pale pale, mbele ya dada yake. Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia. Alinyanyuka, akaenda kukaa chini kwenye mkeka miguuni pa wale wazee, mtu mzima mwenye mvi, akaanza kuwauliza maswali, alikuwaje, alipenda kusema nini, sauti yake ilikuwaje. Aliuliza kama mtu anayeuliza habari za mgeni aliyepita akamkosa kidogo tu njiani. Wazee wakamjibu kila walichokumbuka. Jioni walipoaga, Menas aliwasindikiza mpaka garini, na gari lilipoondoka alibaki amesimama barabarani, bado ana swali mdomoni.

Sasa nisikilize, mwanangu. Utampenda mtu, na mtu huyo atakuwa na namna yake. Pengine anacheka kwa sauti kubwa mno, pengine lafudhi yake ni ya kwao, pengine anatembea au anakula au anasali tofauti na mlivyozoea kwenu. Siku ya kumpeleka kwa watu wako utajisikia kumpunguza kidogo ili wampokee. Usimpunguze. Mpeleke mzima. Wakicheka, kaa upande wake wa benchi, uchekwe naye. Mimi niliwaogopa watu ambao wengi wao leo sikumbuki hata sura zao, na mmoja niliyemwogopa kuliko wote, baba yangu, ndiye aliyekuwa anangoja kwa hamu.

Na ukishakosa, maana utakosa tu, usiache neno la msamaha lilale. Liseme lingali na kazi ya kufanya. Nilisamehewa mapema kuliko nilivyostahili, lakini kusamehewa hakukurudisha kitu. Nililia kwa ajili yangu, nikalia kwa ajili yake, lakini ninachokililia zaidi siku hizi ni yale aliyotaka kumwambia Menas pale stendi.

Watoto wako pia usiwaambie "ndivyo alivyo" ukijua kwamba sivyo alivyokuwa. Waambie mapema, mwenyewe angali hai, wapate kumkaribia.

Basi nenda salama. Mungu akujalie mtu wa kukusikiliza mpaka neno lako la mwisho, na wewe akupe subira hiyohiyo kwa wengine. Nyumba yako isikose mazungumzo. Wanao wamfahamu baba yao na mama yao kwa sauti zao wenyewe, wasiwafahamu kwa masimulizi ya matangani. Amina, mwanangu, amina.